Nesi Aliyepita Juu ya Mapaa

Soma kwanza: Kutoka 18:13-27



Miezi michache iliyopita, baada ya ibada ya katikati ya wiki, dada mmoja wa kanisa letu alibaki ameketi kwenye benchi watu wakitoka. Dada huyu ni muuguzi. Hafanyi kazi wodini, yeye huzunguka manyumbani kwa wagonjwa: mzee aliyepata kiharusi, mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtu wa sukari mwenye kidonda mguuni, mgonjwa wa saratani ambaye amerudishwa nyumbani akae na watu wake. Ameniruhusu niandike haya mradi nisitaje jina lake. Alitaka nimwombee apate nguvu, manake alikuwa amefika mwisho. Alikuwa anafikiria kuacha kazi kabisa.

Nilimwombea. Halafu, kwa sababu nilisomea biashara chuoni na bado huwa nadhani kila shida inaweza kutatuliwa na jedwali, nikachukua karatasi nikampangia siku yake. Dakika 40 kwa kila mgonjwa, dakika 20 za njiani, saa moja jioni ya kuandika ripoti. Akashukuru, akaenda. Baada ya wiki mbili akarudi na karatasi yangu imekunjwa ndani ya daftari lake. Ilikuwa imeshindwa siku ya kwanza tu. Mgonjwa wa pili alikuwa amechafua kitanda, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kusaidia kumgeuza. Jedwali langu halikujua mambo kama hayo.

Niliona aibu. Nikaanza kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kubeba kazi ya namna hii na ikasimama. Ndipo nikakutana na maisha ya Lillian Wald, mwanamke wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka 80 iliyopita. Wale waliosomea uuguzi wanamjua. Sisi wengine hatumjui, na leo nataka tumjue.

Niseme mapema ili mtu asishtuke: huyu mama alizaliwa Myahudi na hakuwa mhubiri. Nyumba yake ilipokea watu wa kila dini bila kuuliza. Lakini Bwana wetu mwenyewe, alipotaka kutufundisha jirani ni nani, alimchukua Msamaria akamweka katikati ya hadithi. Basi tusione vibaya kujifunza.

Mtoto aliyekuja akilia

Lillian alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, na akalelewa Rochester, jimbo la New York. Kwao hawakukosa kitu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa miwani na vifaa vya macho. Akiwa na miaka 16 aliomba nafasi katika chuo cha Vassar, wakamwambia bado ni mdogo. Miaka ikapita bila yeye kujua atafanya nini na maisha yake, mpaka siku muuguzi alipoletwa nyumbani kumtunza dada yake. Lillian akaitazama ile kazi, akaipenda. Mwaka 1889 akaingia shule ya uuguzi ya New York Hospital, na mwaka 1891 akahitimu.

Baadaye akaanza kusomea udaktari. Wakati huohuo akawa anafundisha akina mama wa Lower East Side jinsi ya kutunza wagonjwa nyumbani. Lower East Side ilikuwa sehemu ya New York iliyojaa wahamiaji waliotoka Ulaya bila kitu: Wayahudi kutoka Urusi, Waitaliano, Waairishi na wengine. Ukitaka kuelewa, fikiria ploti zetu za ghorofa zile nyembamba, familia nzima ndani ya vyumba viwili, halafu ongeza na wapangaji wa kulala tu.

Siku moja mwaka 1893, akiwa darasani, mtoto aliingia akilia. Mama yake alikuwa mgonjwa. Lillian akaacha somo, akamfuata yule mtoto kwenye mvua mpaka nyumba moja ya mtaa wa Ludlow. Akakuta familia ya watu saba kwenye vyumba viwili, na humohumo wapangaji wengine. Mama alikuwa amejifungua, na kitanda alicholalia kilikuwa kichafu, kina damu ya siku mbili. Lillian akamsafisha, akamtunza, akaosha na sakafu. Alipotoka pale hakurudi tena kusomea udaktari. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wapendwa, hapo wengi wetu tungesema amen, tufunge hadithi. Mtu ameitwa, ameitika. Lakini wito ulikuwa mwanzo tu. Mitaa ile ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, na wagonjwa wengi sana hawakufika hospitali, walilala nyumbani. Kulikuwa na homa ya matumbo, kifua kikuu, nimonia, watoto wenye kuhara. Yeye alikuwa na mikono miwili. Sasa aanzie wapi?

Wawili kwenye ghorofa ya juu

Jambo la kwanza, hakuanza peke yake. Alimwita Mary Brewster, muuguzi mwenzake. Jambo la pili, walihamia kule kwenye kazi. Kwanza walikaa katika nyumba ya huduma ya jamii mtaa wa Rivington, kisha wakapanga ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja mtaa wa Jefferson. Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini, kwa sababu mtu wa biashara hujua gharama ya njia. Mhudumu akiishi mbali, nusu ya siku inaishia barabarani.

Majengo yale yalikuwa na ghorofa tano au sita, na ngazi tu. Hebu hesabu: ukipanda ghorofa tano kumwona mgonjwa, ushuke mpaka chini, uingie jengo la jirani, upande tena tano, na uende hivyo kutwa nzima na mkoba mkononi. Kwa hivyo wauguzi wa Lillian walijifunza kupita juu. Nyumba zilikuwa zimeshikana, basi wakimaliza jengo moja walitokea kwenye paa, wakaruka kiambaza kifupi, wakashukia jengo la pili. Ipo picha maarufu ya mwaka 1908 inayomwonyesha nesi na mkoba wake mweusi akivuka kati ya mapaa mawili. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Huyo nesi hajaongezewa dakika hata moja kwenye siku yake. Ameacha tu kuzitumia kwenye ngazi.

Mwaka 1895 tajiri mmoja aitwaye Jacob Schiff aliwanunulia nyumba namba 265 mtaa wa Henry, na huduma yao ikajulikana kwa jina la mtaa huo. Lillian alimwandikia Schiff taarifa za kazi kwa ukaribu: tumeona wagonjwa gani, wana hali gani, fedha imefanya nini. Hakungoja aulizwe. Sisi watumishi tunaoshika sadaka za watu tulie kidogo hapo.

Lakini Mary Brewster hakudumu. Afya yake ilidhoofika, na baada ya miaka michache akalazimika kuiacha kazi. Vitabu vingi vinapita hapo haraka. Mimi sikuweza kupita, kwa sababu nilikuwa nimeona macho ya yule dada kwenye benchi. Walikuwa wawili wenye moyo uleule na mafunzo yaleyale, na mmoja mwili ulikataa. Moyo mzuri haumzuii mtu kuchoka.

Hesabu ya mtaa wa Henry

Wauguzi waliongezeka. Mwaka 1893 walikuwa wawili. Kufikia 1900 walikuwa 15, kufikia 1906 walikuwa 27, na kufikia 1913 walikuwa 92, wakifanya ziara 200,000 hivi kwa mwaka. Nikatoa kikokotoo. Ziara 200,000 ukigawa kwa wauguzi 92 ni kama 2,170 kwa kila mmoja. Ukitoa Jumapili, ni karibu ziara 7 kwa siku. Shikeni hiyo namba 7, nitairudia.

Waliwezaje? Nimejaribu kuipanga kama tulivyofundishwa kupanga.

Waligawana mji. Kila muuguzi alikuwa na eneo lake, akijua ngazi zake, mabomba yake na watu wake. Mwaka 1906 alipokuja Elizabeth Tyler, muuguzi wa kwanza mweusi katika huduma hiyo, alikwenda kufanya kazi kati ya familia za watu weusi upande wa San Juan Hill, na yeye ndiye aliyefungua njia ya huduma kule.

Walifundisha watu wa nyumba. Nesi hakuja kuoga mgonjwa halafu aondoke na ujuzi wake. Alimwonyesha mama, dada au jirani: mgeuze hivi, chemsha maziwa hivi, fungua dirisha. Ziara ya leo ilipunguza uzito wa ziara ya kesho.

Wenye kuweza kutembea walikuja wenyewe. Kulikuwa na vyumba vya huduma ya kwanza ambako mtu alifungwa kidonda chake akaenda. Nesi hakupanda ngazi kumfuata mtu mwenye miguu mizima.

Waliandika. Kila mgonjwa alikuwa na kumbukumbu zake, na kwa sababu ya kumbukumbu hizo Lillian aliweza kusema kwa namba. Kwa mwaka 1914 alionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa nimonia zaidi ya 3,500 waliotunzwa nyumbani na wauguzi wake, waliofariki walikuwa karibu 8 katika kila 100. Katika hospitali nne kubwa za New York, waliofariki walikuwa zaidi ya 30 katika kila 100. Ni kweli hospitali hupokea walio mahututi zaidi, kwa hivyo tusilinganishe kwa pupa. Lakini bila daftari asingekuwa na la kusema.

Na walitoza ada. Asiyekuwa na kitu alihudumiwa bure. Mwenye senti chache alilipa senti chache, ili aone ya kuwa amepata huduma wala hakuomba msaada. Mwaka 1909 Lillian akaenda mbali zaidi. Alizungumza na kampuni ya bima ya Metropolitan Life, iliyokuwa na wateja wengi wafanyakazi wa kawaida, na kampuni ikakubali kulipia ziara za wauguzi kwa wateja wake waliougua. Hoja yake mtu yeyote wa biashara angeielewa: mteja akipona, kampuni hailipi fidia ya kifo. Mpango ulianza sehemu moja ya New York, ukaenea miji mingine. Lillian hakuona aibu kumwendea anayefaidika na kumwambia achangie.

Kuna jambo lingine la mwaka 1902. Watoto wengi walikuwa wakifukuzwa shule kwa sababu ya magonjwa ya macho na ngozi, na hakuna aliyewatibu. Lillian akamtoa nesi wake mmoja, Lina Rogers, kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule nne. Lina alitibu watoto palepale shuleni, na wengine akawafuata nyumbani kuongea na wazazi. Waliokosa masomo wakapungua sana, na mji ukaajiri wauguzi wa shule. Nesi mmoja akiwa mahali panapofaa alizuia kazi ambayo wengi wangeifanya baadaye.

Mwaka wa homa kuu

Mwaka 1918 ikaja ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima, hata huku kwetu Afrika Mashariki. New York haikuwa na wauguzi wa kutosha. Wengi walikuwa vitani. Lillian akawekwa kuongoza baraza la dharura lililounganisha huduma zote za uuguzi mjini, ili nyumba moja isitembelewe na manesi watatu na nyingine ikose hata mmoja.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Aliwaita watu wa kawaida. Watu ambao hawakujua kushika sindano walipokea simu, wakaendesha magari, wakabeba mashuka safi, wakapeleka supu kwenye nyumba za wagonjwa. Nesi akabaki na ile kazi ambayo nesi peke yake anaweza.

Baada ya hapo mwili wa Lillian mwenyewe ulianza kuchoka. Tangu 1925 hivi alisumbuliwa na moyo. Mwaka 1933 akajiuzulu uongozi, akaenda kuishi Westport, jimbo la Connecticut, na huko akafariki tarehe 1 Septemba 1940 akiwa na miaka 73. Kazi haikufa naye. Mwaka 1944 ile huduma ya wauguzi ikasimama kama chombo chake chenyewe, na imeendelea hadi nyakati zetu. Alikuwa ameijenga iweze kutembea bila yeye.

Daftari la dada yetu

Nilipomaliza kusoma nikampigia yule dada simu, nikamwomba alete daftari. Safari hii sikuchukua kalamu. Nilimwomba anisomee Jumanne yake.

Alikuwa na ziara 9. Nikakumbuka ile namba 7. Nikamwuliza hizi 9 zote zimetoka kwa mwajiri wake? Akanyamaza kidogo, akaniambia za mwajiri ni 6. Tatu zilizobaki ni za watu wa kanisa waliompigia simu. Mmoja alitaka apimwe presha akipita. Mwingine alitaka amwangalie mtoto anayekohoa. Wa tatu alikuwa mgonjwa kweli. Hakuna aliyemlipa hata nauli ya boda, na yeye aliona haya kuomba kwa sababu ni wapendwa.

Jioni ya siku hiyohiyo alikuwa na zamu ya usafi wa kanisa. Jumamosi alitakiwa katika kamati ya chakula cha wageni. Jumapili baada ya ibada ya kwanza alikuwa akipima watu presha mpaka ibada ya pili iishe. Nikamwuliza ni nani aliyempa majukumu haya yote.

Ni mimi. Majina matatu, kwenye orodha tatu, kwa mwandiko wangu. Na ni mimi pia niliyewahi kusema madhabahuni kwamba kuna watu wameanza kurudi nyuma, hawaonekani kwenye maombi ya akina mama, nikijua kabisa namaanisha nani. Nilimpangia dakika zake wakati mimi ndiye niliyekuwa nazila. Nimemwomba msamaha ana kwa ana, na leo naomba tena mbele ya kanisa zima.

Musa alikaa akiamua mashauri ya watu kutoka asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro akamwona anaisha. Yethro hakumwambia aombe zaidi wala apange dakika zake vizuri. Alimwambia atafute watu wa kubeba pamoja naye. Nimehubiri sura hiyo mara mbili hapa kanisani. Sikujua kwamba kwenye hadithi ile mimi ni mmoja wa wale waliopanga foleni.

Haya ndiyo tuliyokubaliana na mchungaji wetu pamoja na wazee wa kanisa.

Kwanza, wauguzi wote wa kanisa hili, si huyu mmoja tu, wametolewa kwenye zamu za usafi na jikoni kwa muda wa mwaka mmoja. Hawajarudi nyuma kiroho. Wako kazini.

Pili, ukitaka nesi aje kwako, usimpigie yeye. Mpigie mzee wa ushirika wa nyumbani wa eneo lako. Maombi ya mtaa mmoja yatakusanywa aende siku moja, na nauli yake itolewe. Ukiweza kutembea, njoo Jumapili. Upimaji wa presha utakuwa mara moja kwa mwezi.

Tatu, kila ushirika utoe watu wawili wa kusaidia kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kitandani: kumgeuza, kufua mashuka, kupika uji, kukaa naye mwenye nyumba akitoka. Dada yetu amekubali kuwafundisha Jumamosi mbili. Vijana wenye pikipiki, ninyi pia mna nafasi yenu hapa.

Nne, akina baba, msiwaachie akina mama peke yao jambo hili. Kumgeuza mzee wa kilo 80 kitandani kunahitaji mgongo wenu.

Dada yetu hajaacha kazi. Wiki zingine bado anachoka, na wiki iliyopita alilala kwenye maombi ya Ijumaa. Nilimwacha alale. Jumanne iliyopita alinitumia ujumbe kwamba alikuwa na ziara 6, akamaliza ripoti zake saa kumi na mbili, na akala na watoto wake wakiwa bado macho.

Orodha ya kujiandikisha iko mezani mlangoni, upande wa kushoto mkitoka. Wakati naandika haya ilikuwa na majina manne. Jina langu ni la kwanza, na nimeshapewa mtaa.